Barua ya Nekoye na Kona ya Mawe

Watu wa Kiplombe wakitaka miche ya parachichi huenda kwa Nekoye. Ploti ya nusu ekari anakoiotesha aliikodi miaka mitano iliyopita kwa Mzee Birech wa kijiji cha Ziwa, na mkataba ulimruhusu kuinunua kabla ya muda kuisha, kwa bei iliyoandikwa humo. Tangu hapo lami imefika mlangoni na bei za majirani zimepaa. Yeye auzaye miti hajawahi kupanda hata mmoja ardhini. Yote hukaa mifukoni, tayari kuhama.

Lakini hakuwa na wasiwasi. Alishamwambia mzee mara tatu kwamba atanunua, ya mwisho kwenye harusi ya bintiye mzee. "Sawa sawa, Mama," mzee alijibu.

Siku moja Bridgit, karani wa wakili, alikuja kununua miche, akaomba kuuona mkataba.

"Mama, hapa wanataka barua. Imfikie mzee mkononi kabla ya kesho kuisha, ndiyo siku ya mwisho ya mkataba."

"Harusini watu mia tatu walinisikia!"

"Hao walikuja kula. Andika."

Nekoye akaandika. Humo akawasalimu ng'ombe wa mzee, akasema ananunua, kisha akamwomba mzee apunguze kidogo kwa sababu ya kona yenye mawe. Bridgit akalikata ombi hilo kwa mstari.

"Ukiomba apunguze, hujakubali bei. Atasema mmeanza mazungumzo mapya, na mteja mwingine anangoja. Nunua yote, mawe na yote."

"Na salamu?"

"Ziache pia."

Kesho yake simu ya mzee haikushikwa. Huko Ziwa, mkewe alisema amesafiri. Nekoye hakubisha, aliona ng'ombe wamekamuliwa na mitungi haipo, akashika njia ya kituo cha maziwa. Mzee alikuwa wa nne kwenye foleni, mtungi kila mkono. Nekoye akamnyooshea barua.

"Mikono imejaa, Mama. Njoo Jumatatu."

"Nipe nikushikie, Mzee."

Foleni ikaangua kicheko. "Chukua barua, Mzee! Mama wa watu atabeba maziwa mpaka lini?"

Mzee akasoma polepole mpaka chini. "Hujaomba nikupunguzie ile kona ya mawe?"

"Naipenda hivyo hivyo."

Akaguna, akatia sahihi na tarehe kwenye nakala ya Nekoye, juu ya kifuniko cha mtungi. "Na ng'ombe wangu hujawasalimu."

Nekoye akawaulizia mmoja mmoja, kwa majina, mpaka zamu ya mzee ikafika.

Jioni, kule kwenye kona ya mawe, alipasua mfuko mmoja wa mche na kuchimba shimo.