Mluzi Juu ya Tope

Juma lililopita nilirudi Mchombe kumsaidia mama kupanda mpunga, na kabla sijafika nyumbani nikakuta trekta limezama kwenye njia ya kuingilia mashambani. Unalijua lile tope letu, rafiki yangu, jeusi kama masizi ya chungu, linalokunyonya ndala mguuni halafu likajifanya halijaiona. Dereva alikuwa amekaa juu ya tairi anachezea simu. Watu wamemzunguka, kila mmoja na ushauri wake, mwenye jembe hakuna. Mzee mmoja akanikazia macho, kisha akapiga kofi la furaha.

"Huyu si yule mtoto mwenye sauti? Binti, hebu shuka kwenye hiyo bodaboda utuanzishie, tulivute hili dude!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana kucheka ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Ila sikushuka mara moja. Miaka kumi na minne sasa sijaanzisha wimbo wa kuvuta kitu chochote. Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakuwa mwimbaji wa redioni. Niliimba nikitwanga, mchi ndio kipaza sauti. Niliimba nikifukuza ndege juu ya dungu, kile kijumba cha miti chenye miguu mirefu kinachosimama katikati ya shamba. Mvua zikianza tulihamia huko wote, mimi, mama na bibi, pamoja na sufuria, kuku na paka, tukakaa hadi mavuno. Shule ilibaki kijijini inanisubiri, na kusema kweli sikuwa na haraka nayo. Asubuhi ilinukia moshi wa kuni mbichi na kambale wa kubanika. Jioni vyura walianza, na bibi akaniambia wanahesabu watoto ambao hawajanawa miguu.

Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Na msimu uliotangulia maji yalikuja yakachukua mpunga wote, tukala mihogo na mlenda, mlenda na mihogo, hadi nikauchukia mlenda kama mtu aliyenitukana. Lilibaki gunia moja la mbegu. Bibi alilala nalo kitandani upande wa ukutani, mama na mimi tukalala chini.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana humo ndimo mambo yalipoanzia. Shamba la majimaji halipandwi mbegu kavu. Mbegu unailoweka, unaiopoa, unaifunika kwenye gunia na majani hadi itoe kijino cheupe, ndipo unaimwaga juu ya ardhi iliyolimwa. Bibi hakuwa na kalenda. Alipima siku kwa masikio. Akisikia trekta linanguruma shamba la tatu kutoka letu, analoweka. Mwaka ule akalisikia, akaloweka gunia zima. Hakuacha hata kibaba.

Trekta lilifika siku yake kama alivyolisikia. Dereva alikuwa kijana mwenye miwani myeusi na maneno mengi. Bibi akamshika mkono, akamwonyesha kona moja ya shamba ambako nyasi zilikuwa za kijani kuliko kwingine.

"Pale usipite, mjukuu wangu. Pale chini panapumua. Zamani palikuwa bwawa."

"Bibi, hiki ni chuma," akasema, anapigapiga bodi. "Chuma hakiogopi nyasi."

Hakumaliza hata mzunguko wa pili. Lilizama matairi ya nyuma, kisha tumbo, kisha likanyamaza.

Siku hiyo na siku iliyofuata tulifanya kila kitu. Tulichimba, shimo likajaa maji. Tuliweka mabua, yakamezwa. Tukabomoa dungu letu, mama mwenyewe ndiye aliyepiga panga la kwanza, tukaipanga miti yake chini ya matairi, ikamezwa pia. Watu wa mashamba jirani walikuja na kamba, na kama kawaida ya kwetu, utani ulitangulia mikono.

"Dereva, hilo umelipanda? Litazaa matrekta mangapi?"

"Lipalilie basi, lisije likaliwa na ndege!"

Mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Kwetu hakuna kinachovutwa kimyakimya, si mtumbwi wala gogo. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na kwenye kiitikio ndipo mikono yote inavuta mara moja. Nilisimama juu ya kichuguu naita, "Hilo linakuja!" nao wanaitikia, "Lije!" Halikuja.

Asubuhi ya siku ya tatu bibi aliingiza mkono kwenye gunia la mbegu, akautoa haraka kama aliyegusa chungu. Mbegu ilikuwa ya moto. Vijino vilikuwa vimeshakuwa mikia.

"Tukifika kesho hii ni kimea cha pombe," akasema. "Na sisi hatunywi pombe mwaka mzima tukaishi."

Mama akaanza kulia bila sauti. Bibi akajitanda khanga, akaondoka kuelekea kwa mfugaji.

Huyo mfugaji alikuwa jirani yetu ng'ambo ya kijito, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kabla sijazaliwa. Wapo waliokuwa hawamsalimii. Ng'ombe waliwahi kuingia kwenye mpunga wa mtu, wake au wa mwingine haikujulikana, na tangu hapo wanaume fulani walikuwa wakimwona wanatema mate. Lakini alikuja, na maksai wanne wa kulimia, jozi mbili. Jozi iliyofungwa karibu na trekta niliijua vizuri. Kaniki alikuwa mweusi tii. Mwenzake, Mwezi, alikuwa na baka jeupe kwenye paji la uso. Nilikuwa nikienda kijitoni namlisha Kaniki maganda ya ndizi, ananilamba mkono kwa ulimi wake wa msasa, na mwenye ng'ombe anacheka: "Mayu, utamharibu huyo, atataka na chai." Mayu kwao ni mama. Aliniita hivyo, mimi mtoto wa miaka tisa, nikatembea nimenyoosha shingo wiki nzima.

Alifunga mnyororo, akazungukia matairi yote, kisha akatuambia polepole.

"Ng'ombe wangu hawajui nyimbo zenu. Wanajua mluzi. Mluzi mrefu mmoja, wanavuta. Mifupi miwili, wanapinda kulia na kutoka njiani. Dereva, ukisikia mifupi miwili, kanyaga klachi hapohapo, maana hili likishika ardhi ngumu litaruka mbele. Nyinyi wengine vuteni kamba za pembeni. Ila nawaomba midomo ifungwe."

"Tope halivutwi na mabubu!" akasema mmoja.

"Leo mtakuwa mabubu," akasema bibi. "Mkipona mtasema."

Mimi nilikuwa juu ya kichuguu changu nalinda gunia. Mama alinigeukia, akaweka kidole mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa. Naomba ukumbuke hilo. Nilielewa.

Mluzi mrefu ukalia. Sijasikia tena mluzi wa namna ile, ulipita juu ya kelele za injini kama uzi mweupe. Maksai wakainamisha vichwa. Watu wakavuta, mishipa imewasimama shingoni, kimya kabisa, na kimya hicho kilinitisha. Mluzi wa pili. Wa tatu. Kisha nikaona tairi kubwa la nyuma linazunguka, halitelezi, linauma ardhi, na tumbo la trekta linatoka kwenye tope likitiririka maji meusi. Nikaona wali. Nakuapia, niliuona wali kwenye sahani, na mama anacheka. Furaha ikanipanda kooni, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hilo linakuja!"

"Lije!" wakaitikia watu thelathini kwa mpigo.

Nikaita tena. Wakaitikia tena, kwa nguvu zaidi. Nilimwona mfugaji ameweka vidole mdomoni, mashavu yamejaa, macho yamemtoka. Alikuwa anapiga ile miwili mifupi. Sikuisikia. Dereva hakuisikia. Maksai wa mbele walisimama, hawajui wafanye nini, na Mwezi akapiga magoti kwenye tope. Kaniki angeweza kuruka pembeni, nilimwona akijaribu, lakini shingo yake ilikuwa kwenye nira moja na mwenzake. Trekta likaruka mbele kama tulivyoambiwa.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Mwezi alitolewa na michubuko tu. Kaniki alikuwa amevunjika mgongo. Alijaribu kuinuka kwa miguu ya mbele, mara mbili, akaacha. Mfugaji alikaa kwenye tope, akakiweka kichwa cha Kaniki mapajani. Kisu kilipoletwa hakukubali mtu mwingine amshike. Akawa anampigia mluzi mdogo sikioni, ule wa jioni, wa kuwarudisha zizini, hadi sikio likaacha kucheza.

Watu walimkaba dereva. Walimwambia ana masikio ya kupambia miwani. Yule kijana alikuwa anarudia tu, "Sikusikia, wazee wangu, haki ya Mungu sikusikia." Hakuna aliyeuliza kwa nini hakusikia, maana wote walikuwa wameitikia. Mfugaji mwenyewe ndiye aliyewatuliza. "Mwacheni," akasema. "Limeni kwanza. Mbegu ya huyu mama inaoza."

Trekta likalima, bila kugusa ile kona. Jioni hiyo tulimwaga mbegu, mimi, mama na bibi, kwenye mistari iliyokuwa bado na damu upande mmoja. Nyama iligawanywa kwa wote waliovuta. Mfugaji alichukua nira na kengele, akaondoka na Mwezi nyuma yake. Nyumbani kijijini kulinukia nyama kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na mimi nikasema tumbo linauma.

Na mpunga, rafiki yangu, ulikubali vibaya sana. Ulistawi hadi watu wakaja kuutazama. Tukapata pepeta ya mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, wali, uji, mbegu ya mwaka mwingine na ya ziada. Ule wali ulinukia nyumba tatu. Nilikuwa naula huku nahesabu punje.

Mwezi hakulima tena. Alifungwa na maksai mwingine, akalala chini. Nilimkuta mfugaji kijitoni siku moja, amemsimamisha ng'ombe wake majini anamsugua baka jeupe. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

"Shikamoo."

"Marahaba, mayu." Akaendelea kusugua. "Siku hizi huimbi. Kuna nini?"

Nikafungua mdomo. "Nina mafua," nikasema.

Akanitazama muda mrefu, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma. "Pole," akasema. "Yatapona."

Msimu uliofuata wafugaji walihama bondeni, yeye akiwa mmoja wao. Wengine walisema ameelekea kusini, wengine wakasema kwa ndugu zake kanda ya ziwa. Nilikimbia hadi kwenye zizi lake nikakuta miti imeng'olewa na samadi bado ina joto.

Ndipo nikaanza kujifundisha mluzi, vidole viwili mdomoni, nyuma ya ghala. Bibi alikuwa na msimamo wake: mwanamke hapigi mluzi, anaita nyoka. Siku moja alinifuma katikati ya pumzi. Nikasubiri kofi. Bibi akainamisha kichwa, akaendelea kupeta mchele kana kwamba ni ndege aliyelia. Ameshafariki. Sikumwuliza alikuwa anajua nini.

Madungu hayajengwi tena kwenye shamba letu, ndege wanafukuzwa na chupa za plastiki zilizotundikwa. Kijito kimekuwa mfereji mwembamba. Njia ya zizi imelimwa.

Basi juma lililopita nilishuka kwenye bodaboda, nikakunja sketi, nikaingia topeni. "Sitaimba," nikamwambia yule mzee. "Ila nyamazeni kidogo, shikeni kamba, mvute mkinisikia." Wakadhani natania, lakini wakanyamaza. Nikaweka vidole mdomoni, nikaupiga ule mrefu mmoja. Ukapita juu ya mashamba hadi ng'ambo ya kijito.

"Binti, unamwita nani?" akauliza dereva, ameinua macho kwenye simu.

Nikageuka kutazama kule ulikoelekea. Hakuna kichwa kilichoinuka kwenye nyasi.

"Vuteni," nikasema.