Kayaki Fupi ya Mzee

Banange, jamani, leo nimelia mbele ya muuza kayaki.

Nilienda na Mzee, baba yangu, kuchagua kayaki ya pedali ya kuvulia samaki.

Mimi nikang'ang'ania ndefu. Ndefu inakimbia, na mawimbi ya ziwa letu Nalubaale tunayajua.

Mzee akasema, "Chukua fupi."

Nikabisha, tena mbele za watu! "Fupi ni ya kuchezea, Mzee!"

Hakukasirika. Akashika ncha ya ile ndefu, akajaribu kuinyanyua, akaiachia.

"Hii inabebwa na watu wawili, mwanangu. Fupi utaitoa majini peke yako."

Juzi daktari alituambia ukweli kuhusu ugonjwa wa Mzee, tukiwa wote wawili. Nilidhani hakuelewa.

Nimechukua fupi. Iko hapa uani, Makindye. Mzee anaipangusa vumbi huku anapiga mluzi.

Nyinyi mngechukua ipi?