Muhuti Uliopewa Kipande

Bati jipya lina harufu yake, kama damu ya ulimi uliojiuma. Nikiinusa hadi leo narudi Subukia, kwenye shamba la Mzungu, miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, nikiwa na miaka minane hivi. Mlangoni kwetu palisimama mti wa muhuti. Mihuti yote ya huko ilichanua maua mekundu kama makaa. Wetu ulitoa maua ya manjano, na mama yangu, Wambui wa Njoroge, aliupenda kuliko mbuzi zake. Alikuja nao akiolewa, ukiwa kijiti tu, ameufunga ndani ya shuka.

Siku moja akaja mgeni wa bwana shamba, mrefu, shingo nyekundu, tukamwita Bwana Maua. Alizunguka mashambani akitafuta miti ya maua isiyofanana na mingine, ati aioteshe mahali isipotee. Akapigilia kibati chenye namba kwenye muhuti wetu, akafungua daftari. Nyapara Kirui akatafsiri.

"Mama, anauliza mti huu ulitoka wapi."

"Hapa hapa."

"Anasema hapa hakuna wa manjano."

"Basi ulianguka kutoka juu. Aulize ndege."

Kirui alicheka. Mama hakucheka. Siku zile kila mtu mzima alitembea na kipande, kitambulisho chake cha serikali, na ukiulizwa umetoka wapi, ujue unakaribia kupandishwa lori na kurudishwa rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Waafrika. Jirani yetu Nyambura alikichungulia kibati akasema, "Wambui, hata mti wako umepewa kipande! Sasa watu wa lori hawatapotea njia." Mama alimtazama baba, aliyekuwa ameketi uani, akachukua shoka. Kwa kuwa muhuti ukikatwa huchipuka, aling'oa na kuchoma hata mizizi, kibati akakitumbukiza chooni.

Bwana Maua aliporudi na gunia lenye unyevu achukue vijiti, alikuta majivu. Akavua kofia. "Anasema hajaona mwingine kama ule," Kirui akatafsiri. "Mwambie ni mchwa," mama akajibu.

Lori lilikuja. Lilimchukua Nyambura, asiye na mti mlangoni.

Leo huku Kiamunyi ninakoishi miche ya maua inanunuliwa barabarani, yote inafanana. Mjukuu wangu Wairimu, anayesomea miti, hunibembeleza: "Shosho, ule wa manjano ulitoka kijiji gani? Pengine ndugu zake wako hai." Nakikumbuka kijiji alichonitajia mama, na mto wake, na mwenye shamba alikokata kijiti kile. Namwona anafungua daftari, kalamu tayari. Namwuliza, "Nani amekutuma?"