Pistoni ya Saizi ya Mwisho

Mume wangu alipopata kiharusi, ndiyo kwanza alikuwa ameifungua injini ya pikipiki yake. Ni pikipiki ya zamani, ya zile za kuchanganya oili na petroli. Aliinunua akiwa bwana mifugo kijana, akazungukia nayo vijiji vyote vya upande wetu. Baada ya mkono wake wa kulia kufa, ilikaa barazani mwaka mzima, silinda ikiwa kwenye beseni, nimeifunika khanga iliyochakaa. Asubuhi moja akaniambia, "Mama, nitafutie pistoni."

Mimi ni karani wizarani. Jioni narudi kutoka ofisini Mtumba miguu imevimba, halafu kuna kumwogesha na kumlisha. Pistoni nilikuwa sijawahi hata kuishika. Lakini Jumamosi niliitia silinda kwenye kikapu cha sokoni, nikaenda kwa mafundi wa Kizota.

Fundi wa kuchonga silinda aliingiza kidole ndani, akatikisa kichwa. "Mama, hii imeshachongwa ikapanuliwa sana. Imebaki mara moja tu. Ukikosea pistoni, ndiyo basi tena."

Orijino hazitengenezwi siku hizi, akasema; nitafute za viwanda vingine. Duka la jirani wakanipa ya bodaboda. "Zinaingiliana hizi," muuzaji akaniapia.

Nyumbani mume wangu aliigeuza kwa mkono wa kushoto, taratibu. "Tundu la pini ni dogo. Na kichwa kirefu, itagonga juu. Rudisha."

Nikarudisha. Wiki mbili baadaye ikaja nyingine kutoka Dar, kwenye boksi zuri. Akaitazama kwa muda mrefu. "Ringi inacheza mno kwenye mfereji wake. Itavunjika ndani, na silinda itakwisha. Rudisha."

Hapo nikaishiwa. "Kwa nini tusiiuze tu?" Sikupaza sauti, sikuwa na nguvu hiyo.

Akasema, "Mkono umekataa, sawa. Macho bado yanaona. Tukiiuza, nitakuwa naangalia nini hapa?"

Nilikwenda kuinjika maji ya ugali.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba anifundishe kutumia kipimo chake cha chuma. Dukani nikaomba pistoni zote nne zilizokuwepo, nikazipima moja moja, nikachezesha kila ringi kwa ukucha.

Muuzaji akacheka. "Mama, unachagua pistoni au nyanya?"

"Nisogezee na hiyo nyingine," nikasema.

Nikazikataa tatu. Ya nne nikaichukua bila kumpigia mume wangu simu. Kwa fundi nikasema, "Chonga silinda kwa kuifuata pistoni yenyewe, usifuate namba ya kwenye boksi." Aliniangalia upya, akawasha mashine.

Jumapili baada ya ibada tuliifunga injini, yeye akielekeza kutoka kwenye kiti, mimi nikikaza nati. Nilipiga kiki mpaka goti likauma. Ikawaka, moshi ukajaa uani.

"Inagonga?" nikauliza.

"Haigongi." Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikageukia moshi, nikajifanya sijaona. Baada ya dakika chache akasema niizime, ringi ni mpya, zisipate moto sana.

Jumatatu nilikuwa mezani kwangu wizarani mapema, kucha zangu bado nyeusi. Mwenzangu akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia nimechoka, nitamsimulia siku nyingine.