Nafukia Senti za Marehemu Mke Wangu Ili Nipate Watu wa Kupiga Nao Soga

Admin, jina langu lifiche, lakini sifa zangu ziache kama zilivyo. Mie kuandika sijui, hii nimetuma kwa sauti, mtaniandikia nyie wa peji. Mkikuta kikohozi katikati, kirukeni.

Mie ni mzee wa miaka sabini na mbili, Mzaramo, nakaa Temeke. Ujanani nilikuwa kuli bandarini. Nilikuwaga nabeba gunia kichwani, lingine begani, na mkononi nimeshika kikombe cha chai, haimwagiki hata tone. Waulizeni wa zamani. Tatizo ni kwamba wote wamekufa. Mke wangu naye huu mwaka wa tatu. Watoto wako mbali, wananipigia simu Idi mpaka Idi. Nyumbani tumebaki mie na redio, na redio yenyewe betri zikiisha inaninunia.

Sasa mkwe wangu alikuwa anachimba dhahabu huko Kanda ya Ziwa. Aliposhindwa akaniachia mashine yake ya kutafutia vyuma ardhini. Ina mkono mrefu kama ufagio, chini ina duara kama sahani, ukiipitisha juu ya chuma inalia tiii! Nyuma ya kwangu kuna kiwanja kitupu. Zamani palikuwa na nyumba ya duka, ikavunjwa, mwenyewe hajarudi kujenga. Nikawa naingia pale kila asubuhi. Napata vizibo vya soda, misumari, kijiko hakina shingo. Watu wanapita, "Shikamoo babu," hao wanaenda zao.

Siku moja ikalia, nikachimbua, nikatoa senti ya tundu, ya enzi za Mwingereza. Weee! Mama muuza mihogo aliacha karai linaungua akaja kutazama. Watu wakajaa. Mdomo wangu nao hauombagi ruhusa, nikaanza: "Hapa Mjerumani alizika sanduku akikimbia vita. Babu yangu ndo alimshikia taa." Babu yangu mwenyewe alikuwa anaogopa giza! Lakini siku ile nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilikula mihogo katikati ya watu.

Siku ya tatu hamna senti, na watu hamna.

Hapo ndo nikakosea. Marehemu mke wangu aliacha kopo la senti za tundu, alirithi kwa bibi yake. Alikuwa anazitunga kwenye uzi mwekundu, anawafunga watoto wachanga mkononi wasishtuke usingizini. Nikawa nachukua moja moja. Nikitoka kuswali alfajiri naifukia, saa tatu naenda "kuigundua" mbele za watu.

Aliyekuwa hakosi hata siku moja ni jirani yangu Mnyamwezi, seremala mstaafu, mtani wangu wa miaka arobaini. Huyu siku tunamzika mke wangu aliingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Watu walicheka na machozi yanatoka. Mie bila ule utani siku ile ningeanguka.

Basi kila asubuhi utamsikia, "Mtumwa wangu! Bwana wako nimefika, Mjerumani katuachia nini leo?" Nikipata senti nampa yeye. Na kwa kuwa miguu inamuuma, nikawa nazifukia karibu na ukuta wa nyumba yake, asihangaike kutembea.

Kumbe mwenzangu anapiga hesabu zake! Kaona senti zinasogea kwake, akaamua sanduku liko chini ya nyumba yake. Wiki iliyopita naingia kumjulia hali, nakuta kasogeza kitanda, anachimba chumbani, shimo linamfika kiunoni. Nyumba yenyewe ya miti na udongo, kajengewa na baba yake. Ukuta una ufa naingiza ngumi, na kitanda ndo kakiegemeza hapohapo. Mvua nazo zimeshaanza.

Nikamwambia, "Mtani, toka humo shimoni. Sanduku hakuna. Zile senti za marehemu, nilikuwa nazifukia mwenyewe."

Akanitazama, akapiga paja. "Mzaramo mvivu wewe! Unataka nilale, uje uchimbe peke yako?"

"Wallahi sikutanii."

"Umeapa mangapi wewe? Si ndo uliniapia ulimbeba mzungu pamoja na meza yake, na hakuacha kula?"

"Ile ilikuwa kweli!" Nikajikuta nambishia. Tukacheka wote, pumbavu mie. Nikaondoka, nyuma nasikia jembe, pwa, pwa.

Jana nimerudi, kanifukuza kwa kunirushia udongo, anacheka. Ufa umefika kwenye dari.

Sasa ngoja niwaambie lile lililonifanya niwatafute. Ushahidi ninao. Kwenye kopo imebaki senti moja, bado iko kwenye uzi mwekundu. Mtani akiuona ule uzi ataujua tu, maana mwanawe wa kwanza alifungwa uzi kama huo na mke wangu. Ataamini palepale. Nimeutia mfukoni tangu jana. Nimefika mlangoni kwake mara mbili, nikamsalimia, nikarudi nao.

Naogopa. Akijua zile asubuhi zote nilikuwa namchezea, na nimemfanya abomoe nyumba ya baba yake, utani utakuwa umekwisha. Nani tena ataniita mtumwa wangu? Na mie nikifa, nani ataingia kaburini adai kuku?

Wanangu, wajukuu zangu, nyie mlio wengi humo, huyu mtu nimuingie vipi, nianze na neno gani? Nichekeni, ruksa, mie mwenyewe najicheka. Lakini jibuni haraka. Muda huu naongea mvua inapiga bati, na taa ya chumbani kwake naiona inawaka.