Likizo ya Dada Gaudensia Kisiwani Mvuna

Safari hii ilianzia kwenye kalenda. Niliitundika ukutani kwenye chumba changu cha kushonea, hapa Chanji mjini Sumbawanga, na mwezi ule ilikuwa na picha ya kisiwa: mchanga mweupe, minazi, na mzungu amejilaza kwenye kiti chini ya mwavuli. Dada yangu Gaudensia alikuwa akikaa kwangu tangu alipotoka Mbeya, ambako madaktari walimkata titi la kushoto ili kumwokoa na saratani. Asubuhi hiyo alikuwa akinisaidia kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare za shule. Akainua macho.

"Hivi watu kama huyu wakifika kisiwani huwa wanafanya nini?"

"Wanapumzika, dada."

"Wanapumzika wakifanya nini?"

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kwenda likizo. Nikamwambia tu kwamba kisiwa kile ni cha mbali, cha baharini, lakini hata sisi watu wa Rukwa tunavyo visiwa vyetu ziwani, pale Kipili.

"Basi nipeleke hivyo vya kwetu," akasema, akaendelea kukata nyuzi.

Niliacha cherehani nikamtazama. Miezi yote ile hakuwa ameomba kitu. Shambani kwake Kaengesa hakurudi, kwaya aliiacha, na tarehe yake ya kliniki ilipofika aliniambia kichwa kinamuuma. Ya pili ikafika, kichwa kikauma tena. Kwa hiyo alipotaja safari, sikutaka kumpa nafasi ya kubadili mawazo. Nikampigia fundi mwenzangu ambaye kwao ni Kipili, naye akatuunganisha na shangazi yake, Mama Zuhura, anayepangisha vyumba kisiwani Mvuna. Wiki ileile tukafunga mizigo.

Tulitoka Sumbawanga asubuhi, tumevaa masweta na kujitanda vitenge, maana ulikuwa msimu wa baridi na upepo wa Ufipa hauna huruma. Ulezi ulikwisha kuvunwa. Kando ya barabara mashamba yalikuwa makavu, ng'ombe wameachiwa wale mabua. Gaudensia alikaa dirishani, mkono wake wa kulia ukiwa umekumbatia kifua upande wa kushoto. Ndivyo alivyokaa siku zote mbele za watu. Nilikuwa nimemshonea kifuko cha kitambaa laini, nikakijaza ulezi ili kiwe na uzito, akawa anakivaa ndani ya sidiria. Aliyemtazama asingegundua kitu, lakini yeye hakuamini.

Namanyere tulishuka tukanywa chai na maandazi karibu na soko, kisha tukapanda gari dogo linaloshuka ziwani. Neno ni hilo hilo, kushuka. Barabara inajikunja kwenye milima ya miombo, na kila kona joto linaongezeka. Nilivua sweta, nikavua kitenge. Gaudensia hakuvua kitu, jasho likimtiririka shingoni. Halafu mlima ukafunguka, na chini yetu likalala Ziwa Tanganyika, bluu tupu, na visiwa vimekaa ndani yake kama mafungu ya mahindi uwanjani.

"Mama yangu!" akasema kwa Kifipa. "Na sisi tunakaa kule juu kwenye baridi!"

Kipili kuna bandari, kuna mitumbwi, kuna dagaa wameanikwa, na juu ya kilima kuna magofu ya kanisa la zamani la wamisionari. Tulipanga kuyatembelea siku ya kurudi. Ziwa huchafuka upepo ukianza, kwa hiyo mwenye boti alituharakisha. Alitufunga majaketi ya kujiokolea, na tulipotoka ufukweni Gaudensia alinishika mkono kwa nguvu hadi pete yangu ikaniumiza. Sisi watu wa mlimani maji tunayajua ya ndoo.

Mvuna alitupokea Mama Zuhura mwenyewe, mwanamke mnene, mcheshi, rika moja na dada yangu.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, karibuni. Poleni na maji. Na wewe mwenzangu, mbona umejifunika kama uko Sumbawanga? Hapa utaiva!"

Gaudensia akacheka kidogo, akakaza kitenge.

Mlioniuliza kisiwani kuna nini, nitawaeleza. Kuna migebuka, samaki wa ziwani wa kuchoma, wanaoliwa na ugali wa muhogo, na mkono hauachi kurudi sahanini. Kuna njia ya miguu inayozunguka kisiwa kwenye mawe makubwa, na ukipanda mpaka juu, hewa ikiwa safi, unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Kuna miwani ya kuzamia, ambayo Mama Zuhura huwaazima wageni. Ukiivaa na kutumbukiza uso tu majini unaona samaki wadogo wa njano, wa bluu, wenye milia kama pundamilia, wanazunguka mawe kana kwamba kila mmoja ana nyumba yake. Mimi nilitumbukiza uso siku ya kwanza nikasahau kupumua. Na kuna kukaa tu, jambo ambalo lilinishinda mwanzoni. Vidole vyangu vilitafuta sindano.

Gaudensia alikuwa akitutazama kutoka kwenye mwamba. Mama Zuhura alimwita mara kadhaa, naye alijibu kwamba maji yanamtisha.

Asubuhi iliyofuata Mama Zuhura alikuja na kanga mbili begani. "Leo nawapeleka kwenye bafu letu wanawake. Mwanamume hapiti kule. Wala msiogope mamba, wao wanakaa kwenye matete kule bara. Huku ni mawe matupu."

Mahali penyewe ni kidimbwi kilichozungukwa na miamba, maji yanafika kifuani, chini unaona kila kokoto. Walikuwapo wanawake wachache wanaoga na kufua. Mmoja alikuwa Mwajuma, mke wa mtoto wa Mama Zuhura, binti mpole ambaye ndiye alikuwa akitupikia. Gaudensia alisimama ukingoni muda mrefu. Kisha, sijui nini kilimsukuma, labda joto, aliingia na sidiria yake na kanga juu. Hatua moja, akapiga kelele. Hatua ya pili, akacheka. Mama Zuhura akamrushia maji, naye akainama kumrudishia.

Hapo ndipo kifuko kilipochomoka.

Kilielea kidogo, kikaanza kuzama. Gaudensia akakidaka kwa mikono miwili na kukikamua kwa hofu, mshono ukaachia, na ulezi wote ukamwagika. Punje zilishuka ndani ya maji yale meupe kama mvua ya vumbi. Kufumba na kufumbua samaki wakatoka kwenye mawe, wa njano, wa milia, wadogo kama vidole, makumi kwa makumi, wakamzunguka dada yangu wakidonoa ulezi mpaka kwenye mapaja.

Kanga ilikuwa imemganda mwilini na kila mtu aliona. Nilianza kwenda kwake nimfunike, lakini sijui kutembea majini, nikateleza. Nilipoinuka nikamkuta Gaudensia anawatazama samaki. Mdomo ulikuwa unamtetemeka. Nilidhani analia.

"Jamani," akasema, "leo samaki wa Kipili wamekula titi la Mfipa!"

Akaangua kicheko. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu kabla ya Mbeya. Wale wanawake walitazamana kwanza, kisha wakashindwa kujizuia, na miamba ikajaa vicheko. Mama Zuhura alicheka hadi akashikilia jiwe. Alipotulia akamsogelea, akaliangalia kovu lililochungulia juu ya kanga bila kugeuza uso.

"Pole, mwenzangu. Lilikuuma sana?"

"Sana. Sasa hivi haliumi."

"Alhamdulillahi. Haya geuka, nikusugue mgongo."

Gaudensia akaivua kanga, akageuka.

Mchana ule alilala usingizi mzito kivulini, bila sidiria chini ya gauni jepesi. Jioni tulikuwa tunachambua dagaa na Mwajuma nyuma ya jiko. Mama Zuhura alikuwa amekwenda kuswali. Mwajuma alikuwa anachambua dagaa yuleyule kwa muda mrefu.

"Mama," akamwambia dada yangu, "lako lilianzaje?"

"Kama punje ya harage. Wala haikuuma. Kwa nini, mwanangu?"

Mwajuma akaangalia mlangoni. Akauchukua mkono wa Gaudensia, wenye magamba ya dagaa, akaupitisha chini ya kanga yake. Niliona uso wa dada yangu ukibadilika.

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto alipoanza kutambaa. Sasa anakimbia."

"Nani anajua?"

"Wewe. Nilidhani nikisema watanikata nife. Au nipone halafu mume wangu anichoke. Lakini leo nimekuona unacheka."

Gaudensia alinawa mikono taratibu, kama anayetafuta maneno kwenye maji. "Mimi sijui hicho ni nini," akasema. "Kinaweza kuwa si chochote. Lakini kukinyamazia hakukiondoi. Mama mkwe wako tutamwambia pamoja, halafu kesho tunapanda boti."

"Kesho?" nikauliza. "Na magofu ya kanisa?"

"Magofu hayaendi popote, mdogo wangu."

Mama Zuhura aliposikia alikaa chini, akamvuta mkwewe mapajani kama mtoto. Hakumlaumu kwa kuficha. Aliuliza tu kama tutakuwa naye mpaka mwisho, na dada yangu akasema ndiyo. Mume wa Mwajuma, ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu akitengeneza nyavu, alitubebea mizigo hadi kwenye boti. Alimwambia mkewe, "Mtoto atakuwa na mimi. Nenda ukatibiwe, urudi." Mwajuma alilia njia nzima hadi Kipili, lakini haikuwa kwa hofu peke yake.

Tulipanda mlima tukiwa watatu. Namanyere baridi ilitupokea, na Gaudensia akavua sweta lake akamvisha Mwajuma, ambaye alikuwa hajawahi kuliona jua likiwaka bila kutoa joto. Nilimwambia dada kwamba nikifika nitamshonea kifuko kingine. "Nitakwambia nikikihitaji," akajibu, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye mabega ya yule binti.

Hospitalini Sumbawanga, Gaudensia ndiye aliyemwongoza Mwajuma. Alijua dirisha la kuandikisha, alijua benchi lisilo na upepo. Mwajuma alipoitwa, Gaudensia aliingia naye. Walipotoka, muuguzi alimshika dada yangu mkono akasema, "Na wewe, mama, tulikuwa tunakutafuta." Dada akarudi ndani kupimwa mwenyewe, bila kusema kichwa kinamuuma.

Majibu ya Mwajuma tuliyasubiri nyumbani kwangu, akijifunza kushona vifungo, akiamka kabla ya alfajiri kuswali. Yalipokuja, daktari alisema uvimbe haukuwa saratani; ungetolewa kwa upasuaji mdogo naye angerudi kwa mtoto wake. Tulimpigia Mama Zuhura simu, na vigelegele vyake vilisikika hadi kwa majirani. Dada yangu naye aliambiwa hali yake inaendelea vizuri, aendelee kufika kliniki.

Siku hizi yuko Kaengesa, analima. Tarehe yake ikifika anakuja, na mara mbili amekuja na mwanamke mwingine wa kijijini aliyekuwa akiogopa kuja peke yake. Mimi nilidhani likizo ni kwenda mahali ukasahau yaliyokupata. Dada Gaudensia alikwenda kisiwani akapata mtu wa kumsimulia yaliyompata, na tangu hapo hajaacha kusimulia.