Kufuli Namba Tisa

Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Mama Kufuli havikunjiki. Akishika kikombe vinabaki vimenyooka, na wenzake kituoni humtania, "Mama, unamwonyesha nani njia?" Yeye hucheka, na akicheka linaonekana pengo la jino la juu. Jino lilitoka siku yake na vidole vilivunjika siku yake, lakini vyote viwili viliharibika kwa ajili ya mtu mmoja.

Kituo chao ni ukuta mrefu wa zege uliozibia mdomo wa ghuba. Ndani ya ukuta kuna mashimo manne, na kila shimo lina mtambo wenye mapanga marefu kuliko mtu. Bahari ikijaa, lango la chuma hufunguliwa, maji yanaingia kwa kishindo, mapanga yanazunguka, mji unapata umeme. Hakuna moshi, hakuna mafuta. Watu wa mjini huuita umeme mpole. Hawajasimama juu ya ukuta siku ya bamvua, pale bahari inapojaa kuliko siku zote, wakasikia zege linavyotetemeka hadi kwenye magego. Mwaka wa kwanza maji hayo yaling'oa ngazi ya chuma yakaikunja kama waya wa kutundikia nguo.

Mama Kufuli alianza kwa kuokota mwani kwenye wavu wa kukinga malango. Alikuwa na darasa la saba lake, mikono miwili, na macho yasiyosahau. Alijua nani kaingia na buti za nani, nani kaacha koti lake wapi. Kwa macho hayo wakampa ubao.

Ubao una kulabu kumi na mbili, na kila kulabu ina kufuli lenye kibati cha namba. Mtu akitaka kushuka shimoni kukwangua chaza kwenye mapanga, lango linafungwa, pampu zinakausha shimo, halafu yeye mwenyewe anatundika kufuli lake kwenye mkono wa chuma unaofungulia lango. Kufuli likiwapo, mkono haushuki, hata avute nani. Na anayelitoa ni yule yule aliyelitundika. "Kufuli ni mtu," ndivyo wanavyofundishwa siku ya kwanza. Kazi ya Mama Kufuli ni kuuliza, "Nani anashuka, shimo gani?" Mtu anajibu, naye anaandika kwenye daftari. Basi. Kazi ya maneno manne.

Maneno hayo manne ndiyo yaliyomshinda.

Mumewe alikuwa fundi wa shimo la tatu, namba tisa. Mwenzake wa shimo hilo alikuwa kaka yake wa damu, namba nne, ambaye kila mtu alimwita Nyundo. Jina hilo hakupewa kwa ajili ya zana. Nyundo aliongea kwa ngumi. Simu ya shimoni ilipokorofisha, aliitwanga kwa spana mpaka ikaning'inia kwa nyaya, na mpaka siku tunayoisimulia ilikuwa bado inaning'inia.

Miezi miwili kabla, ndugu hao waligombea nyumba ya marehemu baba yao. Nyundo alikuja kwa mdogo wake mchana, watu wanakula, akapiga mlango teke komeo likaruka. Hakusalimia. Alimkamata mdogo wake shingoni akambamiza ukutani mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka picha za ukutani zikaanguka. Mama Kufuli, mtoto akiwa kiunoni, akaingia katikati.

"Shemeji, mtamuumiza mtoto!"

Ngumi ilikuwa imeshatoka. Ilimkuta yeye mdomoni. Damu ikamdondokea mtoto utosini, na mtoto akalia kwa namna ambayo mama yake hakuwa ameisikia kabla, kilio kisichokuwa cha njaa wala usingizi. Jino alilikuta jioni alipokuwa akifagia.

Tangu hapo hakumpa Nyundo hata salamu. Kazini Nyundo alikuja mbele ya ubao, akachukua kufuli namba nne, akasema hewani, "La tatu." Yeye akaandika bila kuinua uso. Ndugu wenyewe walipokezana spana shimoni kama watu wawili mabubu. Dereva wa winchi, mzee mwenye mdomo mwepesi, alikuwa akiwaangalia anatikisa kichwa.

"Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime," alimwambia Mama Kufuli. "Wakipatana, shika kapu ukavune. Sasa wewe, mwanangu, kapu lako liko wapi?"

"Kapu langu nimelitia moto, baba."

Ikafika siku ya bamvua. Alfajiri mtoto aliamka anawaka homa. Mumewe akasema, "Nenda wewe, ubao hauwezi kukaa bila mtu. Mimi nitabaki naye." Kwa hiyo namba tisa hakuja kazini, na Mama Kufuli alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Asubuhi ile msimamizi alimwambia Nyundo asishuke peke yake, asubiri mwenzake. Nyundo akajibu kwamba shimo la tatu analijua kuliko msimamizi anavyomjua mkewe. Watu wakacheka. Msimamizi hakucheka, akamsukuma kifuani. Nyundo akampiga kichwa cha pua. Damu ikaruka juu ya shati la msimamizi, jeupe, lililopigwa pasi. Walipotenganishwa, Nyundo alikuwa na kufuli lake mkononi, akalivurumisha kumlenga msimamizi kichwani. Lilimkosa upana wa kidole, likapita juu ya ukingo, likazama baharini.

"Shimo lenu safisheni wenyewe!" akafoka, akatoka getini mbele ya macho ya wote.

Nusu saa baadaye akarudi kwa ngazi za nyuma. Hasira zilikuwa zimepungua na aibu imeingia. Kazi aliipenda, hilo hata adui zake hawakumnyima. Karibu na ubao hakukuwa na mtu mwingine ila Mama Kufuli. Nyundo akaangalia kulabu namba nne, tupu. Akasimama. Kisha akanyoosha mkono akachukua namba tisa, la mdogo wake. Ni makufuli ya kubonyeza, kuyafunga hakuhitaji ufunguo.

Mama Kufuli alimwona. Kalamu alikuwa nayo. Alipaswa kusema, "Shemeji, hilo si lako. Nani anashuka, shimo gani?" Ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye lile pengo, ukakaa pale. Akainamisha macho kwenye daftari. Nyundo naye, akiona hakuulizwa, hakusema. Akavaa vikinga masikio, akatundika kufuli kwenye mkono wa chuma wa shimo la tatu, akashuka.

Daftarini hapakuandikwa kitu.

Maji yakapanda. Yalikuja yamevimba, rangi ya udongo, yanasukumana kwenye lango kama umati uliofungiwa nje. Yalipogusa mstari mwekundu, msimamizi akapuliza filimbi mara tatu kama sheria inavyotaka. Shimo la kwanza watu wakatoka, la pili wakatoka, la nne halikuwa na mtu. Malango hayo matatu yakafunguliwa moja baada ya jingine, ukuta ukaanza kunguruma. Kule chini, katika shimo la tatu, Nyundo alikuwa ameziba masikio, pampu inalia pembeni yake, na simu ya kumwitia aliivunja mwenyewe; hakusikia kitu.

Msimamizi akaja mbio na mkasi mkubwa wa kukatia chuma, pamba mbili puani.

"Namba tisa," akasema akisoma kibati. "Mumeo tena! Jana kaondoka kaliacha."

Mumewe aliwahi kusahau kufuli, mara moja tu, na kituo kikapoteza maji ya asubuhi nzima. Alisimamishwa wiki mbili.

"Hapana, bosi. Yupo mtu chini."

"Nani?"

"Shemeji. Nyundo."

"Nyundo katoka getini, nimemwona kwa macho yangu. Daftari lako linasemaje?"

Akamnyang'anya daftari. Ukurasa mweupe.

"Karudi, bosi. Kachukua la mdogo wake. Mimi sikuandika."

"Hukuandika? Wewe, usiyesahau hata chawa?" Akatupa daftari chini. "Unamfichia mumeo. Usinifanye mtoto, mama. Mji mzima unangoja haya maji."

Akaweka meno ya mkasi kwenye kufuli.

Mama Kufuli alimrukia. Hakuwa amewahi kumpiga mtu maishani mwake isipokuwa kofi la mbu. Alimkamata ukosi, akamng'ata bega mpaka akaonja chumvi ya damu. Msimamizi akapiga ukelele, akamsukuma kwa mpini wa mkasi, ukampata ubavuni. Akaanguka. Akainuka. Akamshika mguu. Akapigwa teke la kifua, pumzi ikakatika, macho yakajaa nyota, na katikati ya nyota hizo akasikia sauti ndogo tu: *kach!* Kufuli namba tisa likadondoka sakafuni.

Msimamizi akashika mkono wa chuma akauvuta.

Wakati huo Mama Kufuli hakufikiria. Angefikiria, huenda angekumbuka komeo lililoruka, picha zilizoanguka, kichwa cha mtoto chenye damu. Alichokiona ni kibati kile pale sakafuni, na kufuli ni mtu. Akasukuma mkono wake wa kushoto ndani ya ule mwanya ambamo kufuli lilikaa.

Chuma kikashuka juu ya vidole vyake.

Alilia sauti iliyopita juu ya bahari. Vidole vilivunjika kama vijiti vya kuwashia moto, lakini mkono wa chuma ukakwama, haukufika chini. Lango lilikuwa limeinuka shibiri moja. Shibiri hiyo ilitosha. Maji yakaingia shimoni kama ng'ombe waliopasua zizi, yakagonga zege, yakarudi, na kutoka ndani ya mngurumo huo ikapanda sauti ya mtu anayetukana.

Msimamizi akasimama kama aliyemwagiwa barafu. "Mungu wangu," akasema. Hakuweza kusogea.

Aliyesogea ni mzee wa winchi. Alikuja anakimbia na tumbo lake lote, akamsukuma msimamizi akaangukia matako, akainua mkono wa chuma kwa mikono miwili. Lango likafunga. Vidole vikatoka, havina sura ya vidole.

Chini, maji yalikuwa yamemzungusha Nyundo na kumpigiza kwenye mapanga. Paja lilichanika, sikio moja likaning'inia. Alipanda ngazi kipago kwa kipago, anatapika maji, spana ndefu bado mkononi. Akaona msimamizi yuko sakafuni. Akaona mkasi. Akaona kufuli limekatwa. Hakuhitaji mtu wa kumweleza.

Akamwendea msimamizi, spana juu.

"Leo nakuzika!" Msimamizi akarudi nyuma kwa makalio mpaka ukutani, mikono usoni. Mzee wa winchi akasema, "Mwanangu, mwanangu," lakini hakusogea. Spana ile ilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi sita.

Mama Kufuli alikuwa amekaa chini, ameukumbatia mkono wake. Alijua kwamba spana ikishuka, mmoja atakufa na mwingine atafungwa kwa maneno manne aliyoyameza asubuhi. Akafungua mdomo. Sauti ilitoka na damu ya bega la msimamizi bado mdomoni.

"Shemeji."

Nyundo akageuka. Alikuwa hajaitwa na sauti ile miezi miwili.

"Weka chini hiyo spana. Kosa ni langu. Nilikuona na sikukuandika."

Nyundo alitazama vidole, akatazama mkono wa chuma, akaunganisha. Damu ilikuwa inamtiririka sikioni ikiingia ndani ya shati. Spana ikashuka taratibu, ikagonga sakafu. Naye akakaa hapo hapo kando yake.

"Hukuniuliza," akasema.

"Sikukuuliza."

"Na mimi sikusema."

"Hukusema."

Mzee wa winchi akapangusa jasho. "Haya, hospitali. Mtaendelea kugombana mkifungwa bendeji."

Msimamizi alihamishwa. Mama Kufuli aliandikiwa onyo, akalisoma mara mbili, akalisaini kwa mkono mzima. Hakulalamika. Homa ya mtoto ilishuka siku ile ile, na mumewe alipoona bendeji alilia mbele ya watu, kisha akauliza kafanyiwa hivi na nani, na jibu likawa refu mpaka chai ikapoa.

Nyundo hakuomba msamaha kwa ajili ya jino. Mpaka leo hajaomba. Nyumba ya baba yao bado ina kesi, na mdogo wake bado anampa mkono wa ncha za vidole. Lakini Nyundo alirudi kazini baada ya wiki tano, anachechemea, na kufuli jipya namba nne. Alifika mbele ya ubao akasimama.

Mama Kufuli akachukua kalamu. Akainua uso, akamtazama machoni, jambo lililomgharimu kuliko teke la kifua.

"Nani anashuka?"

"Mimi."

"Mimi ni nani? Hilo si jina."

Nyuma yake watu wakaguna wakizuia kicheko. Nyundo akakuna kovu la sikio.

"Mimi, shemeji yako. Namba nne. Shimo la tatu."

Akaandika, herufi kwa herufi, vile vidole viwili vimenyooka juu ya ukurasa kama vinashika mstari. Akasoma alichoandika kwa sauti. Ndipo akasogea kando akampisha apite.